Slesi Nzuri za Asta

Nilikaa chumba kimoja na Asta Hvidberg kwa miaka kumi na tisa, na katika muda wote huo alileta keki ya kosa mara mbili tu. Kwenye maabara yetu pale Århus, aliyeharibu kazi huleta keki siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi, na wenzake huila huku wakimcheka mpaka naye mwenyewe acheke. Mimi nimeleta nyingi mno. Muuza mikate wa mtaani kwetu alifika mahali akiniona mlangoni Alhamisi jioni, anakunja boksi kabla sijafungua mdomo. Asta alikuwa akila za wengine, anajifuta sukari kwa kitambaa, anarudi kwenye kiti chake. Niseme kweli, mtu asiyekosea hunichosha, na Asta alinichosha miaka mingi kabla sijampenda.

Kazi yetu ilikuwa kuhesabu seli za ubongo wa watu waliofariki. Hakuna awezaye kuzihesabu zote, maana ni mabilioni, na atakayejaribu atazikwa kabla hajafika robo. Kwa hiyo tulifanya kama mtu anayetaka kujua mkate mzima una zabibu ngapi. Unaukata wote slesi nyembamba, zote sawa. Slesi ya kwanza ya kuhesabu unaipata kwa kura, kisha unachukua ya kumi na tano kutoka hapo, na ya kumi na tano tena, mpaka mwisho wa mkate. Unahesabu zabibu za slesi hizo chache, unazidisha, na jibu linakaribia kweli kabisa. Sharti ni moja: kura ikishaanguka, huchagui tena. Slesi iliyotajwa ni hiyo hiyo, iwe nzuri, iwe mbaya, na iliyochanika inahesabiwa na mchaniko wake.

Preben, mkuu wetu, alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko mama mkwe kwa vumbi. Kura tulipiga kwa kitabu kinene chenye namba tupu, hakina hata neno moja ndani. Unafumba macho, unaangusha ncha ya penseli, na namba iliyochomwa ndiyo ya kuanzia.

"Jicho lako linapenda vizuri," alikuwa akituambia. "Ukiliachia lichague, hutahesabu ubongo. Utahesabu mapenzi yako."

Asta alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amelisikia hilo mara mia. Lakini kabla ya kulisikia kwa Preben alikuwa amesikia jingine kwa baba yake, na la baba ndilo lililotangulia kuingia.

Baba yake alikuwa na bucha kule Grenå. Asta alikuwa na miaka kumi na miwili alipowekwa mbele ya mashine ya kukatia nyama, kwenye kigoda, na kufundishwa kukata nyama ya kukunjwa slesi nyembamba kiasi cha kuona mwanga kupita. Nzuri zilipangwa dirishani. Zilizochanika zilifichwa chini ya kaunta, jioni zinapandishwa nyumbani ghorofani kuwa chakula chao. Aliniambia kwamba hakuwahi kula slesi nzima mpaka alipoolewa. Alipokuja kuomba kazi maabara, mkuu wa zamani alimpa kisu na karoti iliyochemshwa, akamwambia aikate. Asta akaikata, akazipanga slesi kwenye sahani, na zile mbili zilizovunjika akazisukuma chini ya ukingo wa sahani bila hata kuangalia. Yule mzee alicheka, akampa kazi siku hiyo hiyo.

Mume wake, Villads Toft, alikuwa mtu wa posta. Alipeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini na moja, mitaa ile ile, mpaka mbwa wakawa wanamjua kwa harufu. Kisha siku moja akarudi nyumbani na mfuko haujapungua. Alisema mitaa imehamishwa. Walimstaafisha kwa maua na saa ya ukutani, na kuanzia hapo akakaa jikoni akiuliza swali moja tangu asubuhi mpaka giza liingie: "Barua zimeshatoka?" Asta anamjibu zimeshatoka, mzee anakaa dakika mbili, anauliza tena. Madaktari walikuwa wakipingana. Mmoja alisema watu wa namna hiyo seli zao zinakufa. Mwingine akasema seli zipo zote, zimezubaa tu, na mzee ana ukaidi wake mwenyewe.

Villads alifariki mwezi wa pili mwaka tisini na moja. Asta alitia sahihi karatasi ya kuutoa ubongo wake kwa utafiti. "Amepeleka barua maisha yake yote," aliniambia, "safari hii ya mwisho naye apelekwe." Alikuwa hajaacha jina la baba yake alipoolewa, na karatasi za hospitali zilikuwa na jina la Toft, kwa hiyo hapakuwa na mtu maabara aliyeunganisha mambo. Maua tulimpelekea. Hatukujua kwamba mzee mwenyewe alikuwa njiani anakuja kwetu.

Kiangazi kile Dokta Signe Damkjær, binti mwembamba anayetembea kama anachelewa treni, alianza kazi yake ya udaktari wa juu. Bongo thelathini, kumi na tano za wazee waliosahau na kumi na tano za wazee waliofariki na akili zao. Kutoka kila ubongo alitaka kile kipande kidogo cha kumbukumbu, chenye umbo la soseji, nyembamba ncha zote mbili na nene katikati. Kila kimoja kilipewa namba, na orodha ya nani ni nani ikafungiwa katika bahasha kwenye droo ya Preben, ili anayekata na anayehesabu asijue. Kukata akapewa Asta. Angepewa nani mwingine?

Tulikuwa wawili tu, Asta anasafisha kisu cha mashine, aliponiambia.

"Karna, Villads yumo."

"Yumo wapi?"

"Humo. Kwenye hizo thelathini. Tarehe zinalingana, hospitali ni ile ile. Sijui ni namba ngapi, ila yumo."

Nikamwambia akamweleze Preben, kazi apewe mtu mwingine.

"Wewe? Ukate wewe?" akasema. "We unakata kama unapasua kuni."

"Basi kata. Lakini usiniambie kwamba unataka kumuaga. Mlishaagana."

Alikipangusa kile kisu mara ya tatu, na kilikuwa kisafi tangu mara ya kwanza. "Nilimpiga," akasema. "Jumapili moja. Ameshaniuliza barua mara arobaini, halafu nikakuta amemwaga kahawa yote ndani ya droo ya vijiko. Nikamzaba kofi. Siku nyingine nikamzaba tena, na safari hiyo hakuwa amefanya kitu. Alishika shavu akaniangalia kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, Karna. Nilimpiga mkaidi au nilimpiga mgonjwa? Kama seli alikuwa nazo zote, basi alikuwa ananifanyia makusudi, na mimi nitalala. Kama hana, basi nilimpiga mtu asiyekuwepo."

Nilimshika mkono. Nilimwambia kisu kimeshatakata, akiweke.

Alikata miezi saba. Soseji moja ilitoa slesi mia na themanini, na kwa kura zinahesabiwa kumi na mbili. Kwa kuwa hakujua Villads ni yupi, kila kipande kilichofika mezani kwake kilikuwa Villads. Nilimsikia akizungumza na vile vipande kwa sauti ya chini: haya, tulia, tunamaliza sasa hivi. Vingine vilikatika vizuri. Vingine vilikuwa laini kama siagi iliyosahauliwa juani, vinachanika kila mahali, hasa kwenye zile ncha nyembamba.

Na hapa lazima nijiseme na mimi. Niliona. Siku moja kura iliangukia slesi iliyochanika vibaya, na Asta akaitoa kwa brashi, akaitia kwenye kikombe kidogo cha plastiki, akaandika namba, kisha akahesabu mbele, moja, mbili, tatu, kuelekea katikati kwenye unene, mpaka akapata iliyo nzima. Hiyo nzima ndiyo aliyoibandika kwenye kioo. Mikono ilifanya yenyewe, kama mtu anavyosogeza kiti mezani baada ya kula. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nilijiambia kwamba Asta hakosei, na kwamba mimi mwenye keki nyingi nitamfundisha nini.

Kuhesabu alihesabu Signe kwa hadubini, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata bahasha ikafunguliwa. Makundi yote mawili yalikuwa sawa. Wazee waliosahau walikuwa na seli kama wale waliokumbuka. Preben alitembea kwenye korido akijisugua mikono, maana hilo lilikuwa jibu la kuwatoa watu kwenye viti. Signe akabandika orodha yote ukutani, namba, kundi, mwaka wa kuzaliwa na hesabu ya kila mmoja. Asta alisimama mbele yake na mkoba wake begani kama mtu anayesoma saa za basi.

"Ishirini na mbili," akaniambia. "Ndiye huyo. Anazo zote, Karna. Anazo kushinda wengine wasiosahau."

"Basi," nikasema.

"Basi alikuwa ananifanyia makusudi yule mzee." Akacheka, na machozi yakamtoka, na sikuwahi kumwona na sura nyepesi namna ile. Wiki zile alikuwa akiingia kazini anaimba. Alinunua viatu vyekundu. Mwanamke wa miaka hamsini na nne na viatu vyekundu kwenye barafu, nikamtania kwamba anatafuta mtu wa posta mwingine, akasema wa posta hapana, safari hii ataangalia wa zimamoto.

Mwezi wa nne Signe alikuwa amebakiza kuipeleka kazi yake kiwandani ikachapwe. Preben akataka friji zisafishwe, kila kisichohitajika kimwagwe. Asta akatoa vile vikombe vya slesi zilizochanika. Alikuwa ameviweka vyote, maana binti wa bucha hatupi kitu. Akavipanga mezani kwa namba zake ili avifute kwenye daftari kabla ya kuvimwaga. Mimi nilikuwa kwenye sinki nikiosha vioo, nikasikia vikombe vimeacha kusogezwa.

"Njoo uone," akasema.

Vikombe vilikuwa arobaini na tatu. Aliibandua orodha ya ukutani akaiweka kando ya meza, na kwa kidole akaanza kuvitenga. Huku wazee waliokumbuka, kule waliosahau. Huku vikafika vinne. Vyote vilivyobaki vilikwenda kule. Mbele ya namba ishirini na mbili vilisimama vikombe tisa. Slesi tisa kati ya kumi na mbili za Villads zilikuwa za kuchagua.

Hata mimi nilielewa, na mimi si mwepesi. Ubongo unachanika mahali ambapo hamna kitu cha kuushikilia. Asta alikuwa amezitoa slesi zilizo tupu, moja moja, kwa upole wake wote, na kuweka mahali pake zilizoshiba.

"Sinki hilo hapo," nikamwambia. Nilikuwa sijui nasema nini, ila nilisema. "Mwaga. Hakuna aliyeona."

"Wewe uliona."

"Mimi sikuona kitu."

"Uliona, Karna. Nilikusikia ukivuta pumzi." Alichukua kikombe kimoja akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani slesi ilielea kama kitambaa kilichoraruka. "Nimelala vizuri miezi mitatu," akasema. "Unajua kulala vizuri kulivyo? Nilikuwa nimeshasahau."

Akavirudisha vyote kwenye friji. Siku tatu hakuja kazini, wala simu hakupokea. Nilipita chini ya dirisha lake jikoni, nikamwona ameketi kwenye kiti cha Villads, si chake. Niliogopa kubisha. Niliogopa kwamba akiniuliza afanye nini nitamwambia tena habari ya sinki.

Ijumaa, saa tatu kasoro, aliingia na boksi. Ilikuwa keki ya sukari ya kuungua, ile inayonata vidoleni, na ameioka mwenyewe. Watu wakageuka.

"Nani kakosea?" Signe akauliza.

"Mimi."

Chumba kizima kilicheka. Mmoja akasema itakuwa amesahau kufunga kifungo cha koti, mwingine akadai tarehe iandikwe ukutani. Preben akapiga makofi. Asta aliwangoja wamalize, kisha akaenda kwenye friji, akarudi na trei ya vikombe arobaini na tatu, akaiweka kando ya keki.

Alieleza bila kujitetea, tangu kura ya kwanza mpaka ya mwisho. Alisema na habari ya Villads, kwamba ni namba ishirini na mbili, na kwamba angepaswa kukataa kazi ile. Habari ya makofi hakuisema. Hiyo haikuwa yao. Signe alikaa chini akafunika uso, maana kazi yake ya karibu mwaka mzima ilikuwa imelala pale mezani ndani ya vikombe, na hata mtu wa kumlaumu kwa moyo wote hakuwa naye.

Preben hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Asta," alisema, "na zile kazi nyingine? Miaka yote hiyo?"

"Zile zilikuwa hazichaniki hivi. Nadhani."

"Unadhani."

"Nadhani, Preben. Sijui."

Alivua miwani, akaisugua kwa ncha ya tai kwa muda mrefu. "Slesi zote zipo? Hakuna uliyotupa?"

"Zipo zote."

"Basi tunahesabu upya. Wewe hutagusa kitu." Akachukua kipande cha keki, akakila akiwa amesimama, na sisi tukafuata. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa keki nzuri sana na sote tuliimeza kama dawa.

Vikombe vikapewa namba mpya, orodha ikafungiwa tena, na safari hii mimi ndiye niliyebandika na mimi ndiye niliyehesabu, Karna wa kuni. Nilihesabu wiki kumi na moja. Kwenye hadubini unaona mraba mdogo wenye mistari miwili ya kijani na miwili myekundu, na seli inayogusa nyekundu haihesabiwi, hata ikukodolee macho namna gani. Kulikuwa na slesi ambazo mraba ulitua mara kumi bila kukuta seli hata moja. Kila nilipoandika sufuri nilimsikia Asta nyuma yangu akiosha vioo. Hakuuliza kitu. Viatu vyekundu alikuwa ameacha kuvaa.

Bahasha ilipofunguliwa mara ya pili, waliosahau walikuwa wamepungukiwa na theluthi nzima. Signe aliahirisha mwaka mmoja, akaandika upya, na ndani ya kitabu aliandika ukweli wote kuhusu slesi zilizochaguliwa, bila kutaja jina la mtu. Hilo lilinifanya nimheshimu. Namba ishirini na mbili ilikuwa na nusu tu, na kidogo.

Nilitaka nimpeleke koridoni nimwambie kwa utaratibu. Hakunipa nafasi. "Nusu?" aliuliza, maana alishanisoma usoni.

"Na kidogo."

"Na kidogo," akarudia. Akavua glavu, akazikunja, akaenda nyumbani. Ilikuwa saa nane mchana, na kwa miaka kumi na minane sikuwahi kumwona akiondoka kabla ya saa tisa na nusu.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, alinipigia simu kwamba nimkute makaburini. Nilimkuta kwenye benchi mbele ya Villads, kokoto zimesawazishwa kwa reki, themosi ya kahawa pembeni, na juu ya mapaja yake boksi.

"Leo umekosea nini tena?" nikamuuliza. Lilinitoka tu, kwa mazoea.

"Hii si ya maabara."

Nikaketi kando yake. Alifungua boksi. Ilikuwa keki ile ile ya sukari ya kuungua. Alitoa sahani tatu, akaweka moja juu ya ukingo wa jiwe la kaburi. Kisha akashika kisu. Alikata kwa haraka, kitu ambacho sikuwahi kukiona, na slesi ya kwanza ikachanika katikati, sukari yote ikabaki kwenye kisu. Nilimwona akiiangalia. Nilimwona mkono ukianza kuisogeza chini ya ukingo wa boksi.

Mkono ukasimama. Akaikusanya ile slesi kwa vidole, na makombo yake yote, akaiweka kwenye sahani ya Villads.

"Zimeshatoka," alimwambia. "Barua zimeshatoka, mpenzi wangu. Uliza tena ukitaka."

Tulikaa pale mpaka kahawa ikapoa, tukingoja, na hakuuliza mtu.